Umejuaje Kuwa Huna Sifa?

Hotuba kwa wahitimu wa kidato cha nne na cha sita pamoja na wazazi wao, jijini Tanga

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi vijana mliochagua viti vya nyuma kana kwamba kikao hiki kimeitishwa kwa ajili ya watu wengine: nawasalimu nyote kwa heshima, kila mmoja kwa salamu ya imani yake. Nimeombwa nizungumze juu ya kuomba chuo kwa mtu ambaye matokeo yake yana alama mbili tatu dhaifu. Tangazo la awali lilisema nitazungumza na "waliofeli". Nilimwomba mwenyekiti aliondoe neno hilo, naye akaniridhia, kwa sababu katika miaka niliyokuwa mwalimu wa taaluma, na baadaye karani wa udahili katika chuo kimoja, nilizishika karatasi nyingi za watu walioitwa hivyo, na wengi wao walikuwa na sifa za kusoma kitu fulani mahali fulani. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao chini na kuisoma karatasi yenyewe.

Nianze na karatasi yangu. Nilimaliza kidato cha nne mwaka 1987. Siku matokeo yalipobandikwa, mwalimu mmoja alikuwa amepiga mstari wa wino mwekundu chini ya majina yetu sisi wa daraja la nne na wa sifuri, ili mtu asipate taabu ya kututafuta. Nilikuwa na C ya Kiswahili, D nne, na F ya Hisabati iliyosimama wima kama mlingoti wa jahazi. Nyumbani kwetu ni Ngamiani, lakini siku ile nilirudi kwa kuzunguka Raskazone kwa miguu, ili nifike giza likiwa limeingia. Kwa miezi minane sikuomba chochote. Nilijiambia kwamba sina sifa, na jambo hilo likawa kama ukuta ambao sikuwahi hata kuugusa nione kama ni wa mawe au wa makuti.

Mjomba wangu alikuwa karani bandarini. Siku moja aliichukua ile karatasi, akavaa miwani, akaisoma kama alivyozoea kusoma hati za mizigo, mstari kwa mstari, kilichopo na kilichopungua. Kisha akaniuliza: "Mjomba, hao wa ualimu wa daraja la III A wanataka nini?" Nikamjibu kwamba sijui. Akaivua miwani. "Sasa umejuaje kuwa huna?"

Swali hilo ndilo lililonifikisha mbele yenu leo. Nilikwenda ualimu, nikafundisha shule za msingi, nikarisiti masomo yangu jioni, nikafanya kidato cha sita kama mtahiniwa wa kujitegemea, na mwishowe nikapata shahada yangu Chuo Kikuu Huria nikiwa na watoto watatu. Hisabati niliirudia mara tatu. Mara ya tatu nilipata D, na naungama kwamba D ile niliipenda kuliko ile C ya Kiswahili.

Naomba sasa tufanye hesabu kidogo, na anayewafanyia hesabu ni mimi mwenye historia hiyo, kwa hiyo msiogope. Chukueni vijana wawili wa kidato cha sita, wote wa tahasusi ya HGK, yaani Historia, Jiografia na Kiswahili. Wa kwanza ana E tatu. Wa pili ana D ya Historia, D ya Kiswahili na F ya Jiografia. Katika kupanga madaraja, Baraza la Mitihani la Taifa huhesabu A kuwa pointi 1, B 2, C 3, D 4, E 5, S 6 na F 7, na pointi zikiwa chache ndivyo daraja linavyokuwa bora. Wa kwanza atapata pointi 15, na wa pili naye atapata 15. Wote wawili wako daraja la tatu, ambalo huanzia pointi 13 hadi 17. Mtaani watapongezwa sawasawa, au watasikitikiwa sawasawa, na pengine yule mwenye F ndiye atakayeinamisha kichwa zaidi, kwa kuwa mwenzake hana F hata moja.

Lakini Tume ya Vyuo Vikuu inazitazama herufi hizo hizo kwa hesabu nyingine. Kwake yeye A ni pointi 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2, E ni 1 na S ni nusu. Anayetaka kusoma shahada kwa matokeo ya kidato cha sita anatakiwa awe na prinsipo mbili, yaani ufaulu wa kuanzia E, katika masomo mawili yanayoihusu kozi anayoiomba, na jumla yake isipungue pointi 4.0. Yule wa E tatu akichukua mbili anapata pointi 2.0, na mlango wa shahada haujamfungukia. Yule wa D mbili na F ana pointi 4.0 kamili, na anaweza kuomba kozi zinazotaka Historia na Kiswahili. Daraja ni lile lile na pointi za Baraza ni zile zile, lakini mmoja ana sifa ya chini ya kuingia chuo kikuu na mwingine anahitaji njia nyingine, ambayo nitaifikia. Ndiyo maana mzazi akiniambia, "Mwalimu, mwanangu ana divisheni three," huwa namwambia bado hajaniambia kitu. Nataka herufi, na nataka jina la somo mbele ya kila herufi. (Waliomaliza mwaka 2014 na 2015 walipangiwa kwa alama za mtindo mwingine, zilizokuwa na B+, nao wana hesabu yao ya pointi, wenye vyeti vya miaka hiyo tuonane pembeni.)

Kidato cha nne nako kuna mtego wa namna hiyo hiyo. Daraja hupangwa kwa masomo saba yaliyofanywa vizuri zaidi, A ikiwa pointi 1 na F pointi 5, na daraja la nne ni kuanzia pointi 26 hadi 33. Mwenye D nne na F tatu ana pointi 31. Mwenye D mbili na F tano ana pointi 33. Wote ni daraja la nne, na watu huwaambia wote wawili maneno yale yale, aghalabu mabaya. Ukweli ni kwamba wa kwanza anaweza kuomba kozi nyingi za astashahada, kwa kuwa sifa inayotajwa zaidi huko ni ufaulu wa masomo manne kuanzia D, ilhali wa pili amepungukiwa na masomo mawili.

Hapa wazazi wa Tanga nawaomba mnisikilize kwa makini, kwa sababu jambo hili limewaliza watu wengi wa mji huu. Katika masomo hayo manne, masomo ya dini hayahesabiwi. Kijana anaweza kuwa na B ya Elimu ya Dini ya Kiislamu au ya Maarifa ya Biblia, na D tatu za masomo mengine, akajihesabia manne, akalipa ada ya maombi, akasubiri, kisha akarudishiwa jibu kwamba hana sifa bila ya yeye kuelewa kosa liko wapi. Elimu ile hakuipata bure, nami siidharau hata kidogo; ila kwenye fomu ya udahili wa astashahada haimo katika zile nne. Tena kuna kozi zinazotaja masomo kwa majina. Anayetaka utabibu, kwa mfano, ni lazima katika masomo yake manne yawemo Kemia, Baiolojia na Fizikia. Mwenye D sita ambazo hakuna Fizikia ndani yake atakataliwa pale ambapo mwenye D nne, zikiwemo hizo tatu, atapokelewa.

Wiki iliyopita kijana mmoja aliniuliza kwa nini asiambatanishe barua kueleza kwamba alikuwa na malaria siku ya mtihani wa Kemia. Alikuwa amesikia kuwa Marekani hufanya hivyo. Ni kweli, hufanya. Chuo cha Marekani husoma alama za miaka minne ya sekondari, insha ya mwombaji na barua za walimu wake, na mahali pa kueleza kilichosababisha alama fulani kuanguka hupatikana. Mtihani wao wa SAT, wenye alama kati ya 400 na 1600, mtu huweza kuufanya zaidi ya mara moja, na vyuo vingi huchukua alama bora ya kila sehemu hata kama zilipatikana siku tofauti. Tangu mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, vyuo vingi viliacha kuulazimisha, ingawa baadhi vimeurudisha, kama MIT kilivyofanya mwaka 2022. Kwa hiyo kijana wa Tanga anayeomba huko na C moja ya aibu aandike habari ya C hiyo kwa sentensi chache za kweli, bila kulia, kisha aonyeshe alifanya nini baada yake.

Huku kwetu hakuna mahali pa kuweka barua hiyo. Mfumo wa maombi unachukua namba yako ya mtihani, unavuta matokeo yako, unayalinganisha na sifa za kozi, basi. Nilipokuwa karani jambo hili liliniudhi sana, kwa kuwa niliwafahamu watoto waliofiwa wiki ya mtihani. Baadaye niliuona upande wake wa pili. Mfumo usiouliza malaria yako haukuulizi pia kwa nini ulipata F, wala haujali kwamba jina lako lilipigiwa mstari mwekundu. Pointi 4.0 za mtoto wa mvuvi wa Mwarongo ni pointi 4.0. Hata hivyo, kwenye kozi zinazogombewa, sifa ya chini haimhakikishii mtu nafasi, kwa kuwa wenye pointi nyingi hutangulia. Kwa hiyo mwenye alama dhaifu asijaze fomu yake kozi zinazokimbiliwa na kila mtu, kisha akashangaa. Aweke moja ya ndoto yake kama ina sifa zake, na nyingine ziwe zile ambazo watu wenye karatasi kama yake hupokelewa.

Sasa niwaendee wale ambao hesabu imewakataa. Aliye na D nne za kidato cha nne anaweza kuanza astashahada, ngazi ya 4 ya NTA, yaani tuzo za taifa za ufundi, akapanda ngazi ya 5, na akimaliza ya 6 ana stashahada. Akiwa na ufaulu wake wa masomo manne ya kidato cha nne na GPA, yaani wastani wa alama, isiyopungua 3.0 katika stashahada hiyo, anaomba shahada kwa kile kinachoitwa sifa linganishi, na anakaa darasa moja na waliotoka kidato cha sita. Kwa jinsi nilivyowaona, mara nyingi huwapita kwenye kazi za vitendo. Katika mkoa wetu huu, astashahada na stashahada za sheria zinafundishwa Chuo cha Uongozi wa Mahakama kule Lushoto, mifugo iko Buhuri hapa hapa karibu, na Korogwe kuna chuo cha ualimu. Mwenye kipaji cha ngoma, maigizo au muziki, ambaye nyumbani wamechoka kumwambia aache mchezo, avuke aende Bagamoyo, kwenye chuo cha sanaa cha TaSUBa, akaulize wanataka nini.

Aliye na D mbili ana njia mbili, na hakuna ubaya wa kuzifuata zote kwa pamoja. Ya kwanza ni VETA, yaani vyuo vya ufundi stadi. Cheti cha ufundi stadi ngazi ya tatu kina nguvu ambayo watu wengi hawaijui: mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu unakitambua badala ya zile D nne kwa mtu aliyepungukiwa, endapo baadaye atapata stashahada yenye GPA inayotakiwa. Nawaambia hivyo kwa sababu mji huu umejaa watu wanaompeleka mtoto VETA kama wanaompeleka jela. Njia ya pili ni kurisiti. Anayerisiti hujiandikisha katika kituo kama mtahiniwa wa kujitegemea, namba yake ikianza na P badala ya S, na fomu za maombi ya chuo hutoa nafasi ya kuingiza namba zaidi ya moja ya mtihani. Ushauri wangu ni kwamba asirudie masomo yote kwa hasira. Arudie yale mawili au matatu yanayotajwa na kozi aliyokwisha kuichagua, na ayasome mwaka mzima kama anayalipia deni, maana Hisabati yangu ya mara ya kwanza na ya pili niliirudia kwa kuzoea tu, bila mwalimu, nikitumaini kwamba maswali yatakuwa yamechoka kunipinga.

Yule wa E tatu wa kidato cha sita sijamsahau. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina programu ya awali kwa watu wa namna yake. Pointi 1.5 kutoka masomo mawili, yaani hata E moja na S moja, zinamwezesha kuingia, na akimaliza na GPA ya 3.0 katika masomo sita ya msingi pamoja na C au zaidi katika masomo matatu ya kundi lake, anaweza kuomba shahada. Anaweza vilevile kwenda stashahada katika chuo cha ufundi. Kati ya njia hizi mbili mimi huwa napendelea stashahada, kwa kuwa mtu hutoka nayo mkononi hata kama shahada itachelewa; lakini najua walimu wenzangu wa Chuo Huria waliomo humu watanishambulia wakati wa chai.

Kuna njia ambayo sitaitaja kama njia. Kila mwaka, matokeo yakitoka, hutokea watu wanaosema wanaweza "kurekebisha" alama. Chuo hakisomi herufi kwenye karatasi uliyobeba, kinazichukua kutoka Baraza la Mitihani. Aliyefaulu kupenya zamani, kabla mambo hayajaunganishwa, alifikiwa baadaye: mwezi wa Aprili mwaka 2017, pale Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa taarifa ya uhakiki iliyokuwa na watumishi wa umma 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Wengine walikuwa wamefanya kazi miaka mingi na kuizoea. Huwa najiuliza ni wangapi miongoni mwao walikuwa na D nne halali sandukuni.

Kwa wazazi nina maneno machache, nayo hayatawapendeza wote. Mtoto anayeficha matokeo hamfichi mwalimu wala chuo, kwa sababu vyote viwili vinaweza kuyaona kwa namba. Anamficha baba na mama. Nimeshuhudia binti aliyekuwa na pointi 5 kwa hesabu ya Tume, zinazotosha kabisa kuomba, akiuza maandazi mwaka mzima kwa sababu siku matokeo yalipotoka shangazi yake alipiga yowe la msiba. Dirisha la udahili likafungwa yowe likiwa halijatulia. Matokeo ya kidato cha sita hutoka yakikaribiana sana na kufunguliwa kwa maombi, kwa hiyo wiki mbili za kununiana nyumbani ni wiki mbili zilizoibwa kwenye kazi ya kutafuta kozi. Nuneni mwezi wa Desemba, mkipenda.

Tena angalieni majina. Cheti cha kuzaliwa kikisema Mwanahamisi na cheti cha mtihani kikisema Mwanahamis, Bodi ya Mikopo itasimama hapo, kwa sababu cheti cha kuzaliwa sharti kihakikiwe RITA, wakala wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya maombi ya mkopo kukamilika. Jambo hilo lishughulikieni sasa, wala msisubiri mtoto apate chuo. Na tangu mwaka wa masomo 2017/18 mwombaji wa chuo kikuu hutuma maombi moja kwa moja kwenye chuo chenyewe, hivyo mtu anaweza kuchaguliwa na vyuo viwili au vitatu. Akichaguliwa hivyo, athibitishe kimoja kwa ile namba ya siri inayotumwa kwenye simu, ndani ya muda uliopangwa. Simu iliyosajiliwa kwenye maombi iwe ya mwombaji mwenyewe au ya mtu anayelala naye nyumba moja. Namba ya rafiki aliyehamia Pangani imewahi kumkosesha kijana nafasi aliyokwisha kuipata, na alama zake zilikuwa nzuri.

Nimemaliza nusu saa yangu. Kwenye meza ile ya karibu na dirisha nimeweka mwongozo wa udahili wa vyuo vikuu na ule wa vyuo vya kati, vyote vya mwaka huu, pamoja na daftari la mistari na kalamu za kutosha. Nitakaa pale mpaka adhana ya alasiri. Mwenye karatasi yake ya matokeo aje nayo, aliyeiacha nyumbani aje na namba ya mtihani, na asiyeikumbuka namba anitajie shule na mwaka tuitafute pamoja. Mama uliyevaa mtandio wa kijani umenyoosha mkono tangu nilipotaja masomo ya dini. Tuanze na wewe.